Kisu cha Bama Kwenye Nyama ya Wakwe

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na ningeendelea kuikalia kama si shemeji yangu Mwangi, ambaye kila tukikutana na watu wapya huianzia katikati, huipamba, na kuniongezea makosa ambayo sikuyafanya, kwa hivyo afadhali niisimulie mimi mwenyewe tangu mwanzo, na makosa yangu tu, maana hayo yanatosha.

Wakati huo nilikuwa dereva wa trakta katika shamba moja la ngano karibu na Njoro, kijana bado, na mzungu mwenye shamba alikuwa akinipa kofia zake kuukuu, basi nikishaivaa kofia nikapita barabarani naona kama Njoro yote inanitazama (haikuwa inanitazama). Hali ya Hatari, ile ya wakati wa Mau Mau, ilikuwa bado haijatangazwa, na nawaambia hilo mapema kwa sababu kisu nitakachowaeleza, kama ningekutwa nacho baada ya hapo, leo nisingekuwa hapa nikinywa chai yenu.

Nilitaka kumwoa Wairimu. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha kupasua mbao kule Elburgon, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyecheka ovyo, na Wairimu nilimwona mara ya kwanza alipokuja shambani kwetu kumtazama dada yake aliyekuwa amejifungua. Sitawachosha na habari za jinsi nilivyotafuta sababu ya kupitisha trakta karibu na nyumba ya huyo dada, hata pale pasipokuwa na ngano. Mambo yalikwenda, wazee wakaenda, wazee wakarudi, mbuzi wakapelekwa, na ikabaki ile siku ya mwisho, siku ya kukata kiande.

Kwa wale ambao si wa kwetu, kiande ni bega la kondoo dume aliyenoneshwa. Linachomwa zima, linawekwa juu ya majani mbele ya wazee, na bwana harusi mwenyewe (si mjomba wake, si rafiki yake) analikata kwenye kiungo kwa kisu alichokuja nacho, watu wote wakimtazama mikono. Kipande cha kwanza anampa bibi harusi. Akikila ni heri, akikitema hapo mbele za watu basi amekukataa, na kila mtu achukue blanketi lake aende. Halafu baba anamuuliza binti swali. Kwa wengine huulizwa, "Tunywe pombe ya watu hawa?" lakini kina Wairimu walikuwa watu wa kanisa, pombe haikuingia uani kwao, kwa hivyo swali walilihamishia kwenye nyama, baba anauliza, "Tule?" na binti lazima ajibu kwa sauti, kila mtu asikie. Kutikisa kichwa hakutoshi. Kabla hajasema "Kuleni," hujapata mke.

Sasa huyo Mwangi. Ni kaka yake Wairimu, naye alikuwa hukohuko kiwandani akibeba magogo, na mara ya mwisho tulipokwenda kwao alinishika mkono kunisalimia, akaugeuza, akatazama kiganja, akasema mbele ya vijana wenzake, "Hii mkono ya trakta ni laini kama ya mwalimu. Sasa wewe kiande utakata na nini? Na usukani?"

Walicheka wote. Hilo ningelisamehe. Lakini Wairimu naye alicheka, kidogo tu, akajificha kwa leso, na hicho kicheko kidogo ndicho nilichorudi nacho Njoro kikinikera kama mchanga ndani ya kiatu. Nikaamua kwamba siku ya kiande nitakuja na kisu ambacho Mwangi mwenyewe ataomba kukishika. Nilikuwa na akili zangu timamu nilipoamua hivyo, wala sikuwa nimelewa, na mengine yote yalifuata yenyewe.

Jumamosi moja nikapanda lori la shamba mpaka Nakuru, nikaingia katika duka la vyuma la Mhindi mmoja karibu na soko. Visu alikuwa navyo vingi, vya jikoni na vya kuchinjia, vile vyenye mpini wa mbao na makali upande mmoja, na mwenye duka akanichagulia kimoja cha kuchinjia, akachukua kipande cha gazeti, akakipitisha hivi, gazeti likagawanyika bila kelele.

"Hii mzuri sana," akasema. "Kata nyama, kata ngozi, kata yote."

Nikamuuliza kama hana chenye sura kali zaidi.

"Sura ya nini?" akaniuliza, na alikuwa anataka kujua kweli. "Hii iko na makali. Sura hapana fanya kazi."

Nikamwona ni mtu asiyejua mambo ya wanaume, nikatoka. Nje ya soko palikuwa na Mmaasai akiuza sime zenye ala nyekundu, nikajifunga moja kiunoni kuijaribu, ikanifika karibu na goti, nikajiona ninavyoingia uani kwa mzee wa kanisa na hiyo sime ikinipigapiga paja kama mtu aliyekuja kuchukua ng'ombe kwa nguvu, nikaivua nikamrudishia. Cha dukani kilikuwa cha wapishi na cha Mmaasai kilikuwa cha vita. Mimi nilitaka cha kati, kirefu kupita kiganja lakini kisifike kwenye kiwiko, kisiwe cha kukunja, kikae kiunoni vizuri, na mtu akikiona anyamaze kidogo.

Ndipo nikamkumbuka Kihara. Kihara alikuwa mlinzi wa kinu cha posho pale mjini, na wakati wa vita vikuu alikuwa askari, akapelekwa mpaka Bama kupigana na Wajapani, na habari za Bama alikuwa nazo za kutosha kila siku ya mwaka. Nilimkuta amekaa juu ya gunia. Nikamweleza shida yangu. Aliingia chumbani kwake akatoka na furushi la kitambaa kilichopakwa mafuta, akalifungua polepole kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

Jamani, kilikuwa kisu! Chembamba, cheusi, kimenyooka, makali pande zote mbili na mgongo ukipita katikati, ncha kama sindano ya kushonea magunia, na pale mkono unapoishia palikuwa na kizuizi cha shaba ili vidole visiteleze. Mpini nao ulikuwa wa chuma, umechorwa mistari. Kihara akakilaza juu ya kidole kimoja kikatulia bila kuanguka, akanitazama kuona kama nimeelewa.

"Hii ilikuwa ya afisa," akasema. "Mimi na hii tumelala kwa matope pamoja. Hii hapana ya kuchezea, kijana. Hii ni ya kumaliza maneno."

Nikakijaribu. Nilikidunga kwenye gunia la pumba, kikazama mpaka kwenye shaba. Nikakirusha kwenye nguzo ya mlango, kikasimama kikitetemeka, na wanawake waliokuwa wakisubiri unga wao wakasema "Ei!" Nikakishika kwa mkono wa kulia, nikakishika kwa wa kushoto, nikakirudisha kwenye ala na kukichomoa tena haraka. Nilikijaribu kwa kila njia isipokuwa ile moja niliyokuwa nakitakia. Kihara alikataa pesa, akasema kisu kama kile hakiuzwi, lakini koti langu la mvua alilipenda, basi nikarudi Njoro bila koti na kiunoni nimevimba.

Nyumbani mama yangu alikuwa akimenya viazi. Nikachomoa kisu, nikamwonyesha.

"Kinakata?" akauliza.

"Mama, hiki kimetoka Bama."

"Nimeuliza kama kinakata."

Nikamwambia hivi si visu vya viazi. Akasema, "Haya," akaendelea na viazi vyake. Usiku ule nilijaribu kukinoa kidogo kwenye jiwe, lakini kwa sababu ya ule mgongo wa katikati jiwe halikukaa vizuri, kila nikipitisha kinaruka, nikaona shida ya nini, nikachukua majivu nikang'arisha shaba badala yake. Shaba iliwaka kweli.

Siku yenyewe tulikwenda Elburgon kwa gari la moshi, sisi wanaume tukiongozwa na baba mdogo Gitau, ndugu wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na mama na wanawake wengine wakiwa behewa moja nasi na vikapu vyao. Kule juu kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi ya Elburgon mnaijua, na koti langu wakati huo lilikuwa likilinda kinu cha posho Nakuru. Nilitetemeka njia nzima kutoka stesheni, lakini kisu nilikuwa nimekifunga juu ya sweta, nje, mahali pa kuonekana.

Na kilionekana. Mwangi alikiona kabla hajaniona mimi.

"Hii ni nini?" akauliza.

Nikakichomoa bila haraka, nikampa kwa upande wa mpini. Akakipima mkononi, akakigeuza, akawaita wenzake wa kiwandani, kikapita mkono hadi mkono, mmoja akapiga mluzi. Kiliporudi kwa Mwangi alinirudishia kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili, jamani! Nikatazama upande wa wanawake, nikamwona Wairimu amesimama na shangazi yake, ananitazama, na safari hii hacheki. Hapo kama ningepata homa nikaanguka nikapelekwa nyumbani, ningekuwa mtu mwenye heshima yake mpaka leo.

Baba Wairimu akaomba. Aliomba kwa kirefu, akawataja walio safarini na wagonjwa na ng'ombe, na nyama ikazidi kupoa na kukaza. Kisha kiande kikaletwa, kikawekwa juu ya majani, watu wakafanya duara, na mimi nikapiga magoti mbele ya wazee na kisu cha Bama mkononi.

Nikapitisha kisu juu ya nyama. Nyama ikaingia ndani kidogo ikarudi. Nikapitisha tena kwa nguvu zaidi, kikateleza, kikaacha mstari kama wa kucha. Nikacheka kidogo, kama mtu anayejua anachofanya, nikafanya vile kila mtu anafanya kisu kikiwa butu, yaani nikaweka kidole juu, pale ambapo visu vingine vina mgongo, ili nikandamize. Kisu hicho kilikuwa na makali pande zote mbili, nimewaambia. Nyama ilikataa kukatwa lakini kidole kilikubali mara moja.

Nilikunja kidole ndani ya kiganja nikaendelea, damu ikinipita kwenye kifundo, na baba mdogo Gitau aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Kinuthia, unakata ama unapapasa?" Nikaona sasa njia ni kutafuta kiungo kwa ncha. Nikaidunga pale penye kiungo (kwa kudunga kilikuwa hodari, sikatai), nikapinda kushoto, nikapinda kulia, nikapinda tena kwa hasira, kitu kikalia "tik," nikafikiri ni mfupa umeachana, nikafurahi. Kwa furaha hiyo nikashika nyama kwa mkono, nikaivuta, nikairarua pale pale, likatoka pande kubwa kama ngumi yangu, limechanikachanika, na hilo ndilo nililomkabidhi Wairimu kama kipande cha kwanza.

Alilitazama. Mabibi harusi wengine hupewa kipande cha kuweka kwenye ncha ya ulimi. Lakini hakusita, alifungua mdomo kadiri ulivyofunguka, akaliingiza lote, mashavu yakajaa, akaanza kutafuna. Mara akaacha kutafuna. Macho yakamtoka, akanitazama mimi moja kwa moja, halafu akaweka mkono juu ya mdomo akaendelea kutafuna taratibu sana. Nikadhani ni haya.

Mwangi akamalizia kukata kiande kilichobaki kwa kisu chake cha kawaida, haraka, bila kuongea, akakipanga kwenye sinia ya mbao akampa baba yake. Mzee akachukua kipande, akakiinua, akasema kwa sauti ile yake ya kanisani, "Wairimu, binti yangu. Watu hawa wametuletea nyama. Tule?"

Wairimu akatafuna.

Watu wakangoja. Mwanamke mmoja akakohoa. Mzee akangoja vya kutosha, akauliza tena, "Wairimu. Tule?" Na Wairimu mkono uko mdomoni, macho chini, hajibu. Nikasikia minong'ono ikianza upande wa kina mama, nikasema moyoni huyu amebadili nia, ameona nilivyohangaika na nyama akanidharau. Sikujua nitazame wapi. Nikachukua jani nikaanza kufuta kisu ili nikirudishe kwenye ala angalau mikono ipate kazi, na ndipo nikaona kwamba ncha haipo. Imekatika, urefu kama wa ukucha, na pale ilipokatikia palikuwa panang'aa.

Nikatazama majani. Hakuna. Nikatazama nyasi. Hakuna. Nikatazama sinia, nikatazama kipande alichoshika mzee, na mzee kwa kusubiri alikuwa amekisogeza karibu na midomo bila kujua, na nikaona wazi kabisa chuma cha Bama kikishuka kwenye koo la baba mkwe wangu. Kwanza nilifikiri ninyamaze, huenda kimeanguka pengine. Nawaambia ukweli, nilifikiri hivyo. Lakini mzee akafungua kinywa kuuliza mara ya tatu, "Wairimu, tu—"

"Msile!" nikapiga kelele. "Hapana! Msile!"

Mmeelewa nilichofanya? Baba ameuliza kama wale, na bwana harusi mwenyewe, aliyeleta mbuzi, aliyeleta wazee kutoka Njoro, ndiye amejibu hapana. Na nilikuwa nimesimama wakati nikisema, damu mkononi, na kisu cha vita nimekielekeza juu kwa sababu nilitaka waone ncha haipo, lakini kwa mtu aliyekaa mbali nilikuwa ninamtishia mzee wa kanisa kwa kisu uani kwake. Vijana wawili wa kiwandani wakainuka. Mama yangu akasema "Uuui" kwa sauti ndogo, na baba mdogo Gitau akafunga macho na kukaa hivyo.

"Amekataa!" Mwangi akasema. "Bwana harusi ndiye amekataa!"

"Sijakataa! Kuna chuma! Kuna chuma kwenye nyama!" Nikaeleza, maneno yakitoka kinyumenyume, ncha, kiungo, tik, mpaka mzee akainua mkono nikanyamaza. Akarudisha kipande chake kwenye sinia kwa utulivu.

"Kama kuna chuma," akasema, "kitafutwe."

Basi kikatafutwa. Wazee wa watu, waliovaa makoti yao mazuri, waliinama juu ya sinia wakapapasa kila kipande kwa vidole, wakakichana na kukichana tena, mpaka kiande chote kikawa nyuzinyuzi kama chakula cha mtu asiye na meno. Wanawake wakapangusa majani jani kwa jani. Mwangi na wenzake wakapiga magoti wakachana nyasi kwa mikono. Na mimi nikitambaa katikati yao na kofia yangu ya kizungu. Hakikuonekana. Nilianza kutamani kionekane hata kama ni kwenye mguu wangu.

Mzee akafuta mikono yake.

"Kijana," akaniambia, wala hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, "chuma hakuna. Ama kisu chako kilikuja hapa hivyo hivyo, ama ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea. Kama ni mlango, ungesema mapema. Hatukukufungia."

Baba mdogo Gitau ndiye aliyesimama. "Mzee," akasema, "nakuomba unisikie. Huyu kijana wetu ni mjinga. Hilo hatukatai, umeliona mwenyewe. Lakini uwongo hajui, hata akifundishwa."

Hayo ndiyo maneno mazuri zaidi yaliyosemwa juu yangu siku hiyo.

"Hayo tutamuuliza anayeolewa," mzee akasema, akageuka. Watu wote wakageuka naye. Wairimu alikuwa palepale, mkono mdomoni, ametulia. "Wairimu. Hii ni mara ya mwisho. Mwenye nyama amesema tusile. Wewe unasema nini?"

Shangazi yake akamsukuma kwa kiwiko, "Sema, mtoto, watu wamechoka."

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimeshaanza kujiandaa, jamani, nilikuwa nafikiria njia ya kurudi stesheni na jinsi nitakavyokaa kwenye behewa na mama yangu asiniambie neno, na nilijua sitapitisha trakta karibu na nyumba yoyote tena. Nilimpenda sana yule msichana na nilikuwa nimempoteza kwa sababu ya kisu. Kisha nikasikia watu wakivuta pumzi, nikainua macho.

Wairimu alikuwa anameza. Ile nyama ilishuka kwa shida, shingo ikinyooka kama ya kuku anayemeza punje kubwa, akameza mara ya pili, akafungua kinywa kidogo kumwonyesha shangazi yake kwamba hamna nyama iliyobaki, halafu akaingiza vidole viwili shavuni, akatoa kitu, akakipangusa kwa leso. Akaja mpaka niliposimama, akanishika ule mkono wenye damu, akaufungua, akaiweka ile ncha katikati ya kiganja.

Kisha akamgeukia baba yake.

"Kuleni, Baba," akasema. Ilitoka safi, hata waliokuwa nyuma jikoni waliisikia.

Sijui nani alianza kucheka, nafikiri ni shangazi, lakini walicheka mpaka wazee wakashikana mabega. Baba Wairimu hakucheka. Alichukua nyuzi chache za nyama, akaziinua kwenye mwanga, akazigeuza upande huu na upande huu, ndipo akazitia mdomoni. Mimi nililia, nasema wazi, nililia mbele ya Mwangi na kiwanda chote, na hakuna aliyenitania kwa hilo siku hiyo (Mwangi alianza wiki iliyofuata, hajamaliza).

Jioni walipotusindikiza kuelekea stesheni nilimuuliza Wairimu mbona hakukitoa chuma mapema, akatuacha tutambae kwenye nyasi vile. Akaniambia, "Ulinipa nyama kama mkate mzima. Ningetoa kitu chochote mdomoni ikiwa bado imo, shangazi angepiga kelele kwamba nimetema. Nilitaka kwanza imalizike. Na sikutaka kusema 'kuleni' na chuma mdomoni, ingetoka nusu, halafu maisha yote wangesema nilisita."

Ulimi alikuwa ameukata kidogo. Alinionyesha. Nikamwambia pole, akaniambia na wewe pole ya kidole, na gari la moshi likaja.

Kile kisu nilikizika mwenyewe nyuma ya zizi Hali ya Hatari ilipotangazwa, wala sikuweka alama mahali pale, na sina haja ya kukitafuta. Na tangu siku ile ya kiande nimealikwa harusi nyingi, za wapwa, za watoto wa marafiki, za watoto wangu mwenyewe, na kila nikiombwa nikate nyama ninakata kwa kisu cha wenyewe, chochote watakachonipa, hata kiwe cha kumenyea viazi, na nikishamaliza, kabla mtu yeyote hajatia kitu mdomoni, ninakiinua juu watu wote waone ncha yake ipo.